Kisu kikubwa cha porini cha bei poa: nimejaribu vitatu, kimoja kimevunjika, kingine kimetoka mapengo

MkataMkuza:
Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kufuata wapima ardhi. Wao wana mashine na mwavuli, mimi nina panga. Wakitaka kuona kutoka bikoni (alama ya mpaka) moja hadi nyingine, sisi vibarua ndio tunakata mkuza, yaani njia nyoofu, katikati ya kichaka, na huku Handeni kichaka maana yake miiba, minyaa na migunga. Usiku tunalala kambini. Kwa hiyo chuma kinachokaa kiunoni mwangu kinafyeka mchana, kinachanja kuni jioni, na usiku kinakata nyama.

Miaka yote nilikuwa na panga tu. Panga ni zuri, lakini ni refu na linanesa. Ukitaka kuchonga kigingi linakusumbua, na kumenya kitunguu kwa panga ni sarakasi. Nikaamua kutafuta kisu kikubwa kisichokunjwa, bapa la sentimita 25 hadi 30, chenye uzito wa kukata tawi nene kama kifundo cha mkono lakini kisichonichosha kiuno nikitembea nacho kutwa. Bajeti isizidi elfu 70. Nimejaribu vitatu. Naweka hapa nilichokiona, wajuzi mnisahihishe, maana cha tatu kinanitatiza.

Cha kwanza nilikiagiza mtandaoni, elfu 65 pamoja na nauli ya mzigo. Cheusi, mgongoni kina meno ya msumeno, kwenye kifuniko cha mpini kuna dira, ukifungua unakuta viberiti, ndoano na uzi wa kuvulia. Kwenye bapa wameandika 440, yaani aina ya chuma kisichoshika kutu upesi. Picha zake zilinimaliza kabisa. Nikakipeleka kwenye gogo kavu la mwarobaini. Pigo la kwanza sawa. La pili nikasikia mpini unalia. La tatu bapa likachomoka, likapita karibu na sikio la mwenzangu na kwenda kulala kwenye majani mita kama nne hivi. Mkononi nimebaki na kopo lenye dira. Nilipochungulia ndani nikaelewa: msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, ulikuwa kipande cha bolti, urefu wa kidole gumba, kimechomelewa kwenye bapa. Uchomeleaji ndio uliokatika. Dira yenyewe mpaka leo kila ninakoigeuzia ni kaskazini.

Cha pili sikununua. Nilikuwa na panga la chapa ya mamba lililokwisha ncha, nikampa fundi elfu 3 alikate kwa grainda libaki sentimita 30, huku namwagia maji lisipate moto. Bapa lina unene wa milimita 2 na ushee. Kufyeka ni raha, na kunoa ni tupa dakika mbili. Kwenye kuni ndipo linaponishinda: linazama kwenye gogo na kung'ang'ania, halipasui. Ni jembamba mno.

Cha tatu ni cha mhunzi wa kando ya barabara, elfu 25. Aliniambia ni springi ya Land Cruiser. Bapa sentimita 28, mgongo milimita 5 karibu na mpini, unapungua hadi 3 kuelekea ncha. Msuka unapita ndani ya mpini wote, umetokeza nyuma na kukunjwa. Mpini ni mpera, na una noleo (pete ya kuubana usipasuke) la bomba. Nilikipima kwenye mizani ya mangi, gramu 540. Kwenye mwarobaini na mkwaju ni shoka dogo, nikafurahi wiki nzima.

Halafu nikakutana na tawi kavu la mpingo, limeanguka lenyewe kwenye shamba la mteja. Mapigo kumi hivi. Nilipotazama makali, mapengo matatu, moja kama punje ya mchele. Hayakupinda, yamemeguka. Je, chuma ni kibovu? Nikirudishe, au nilie kimya?

Chalii wa Kambi:
Mkuu hapo kwenye kopo lenye dira nimecheka hadi mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Mimi pia nililiwa na la aina hiyo. Langu halikuvunjika kwa sababu sikuwahi kulitumia, liko kabatini linalinda shuka.

Mvukuto:
Kiongozi, usikirudishe kwanza. Nimekulia kwenye kiwanda cha mzee wangu, kazi yangu utotoni ilikuwa kuvuta mivukuto, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Chuma hakikukosea, kilikosewa. Springi za gari zina kaboni ya kama asilimia 0.6. Kiasi hicho kinatosha kukifanya chuma kikaze kikichovywa, na bado kikabaki na uvumilivu wa kupigwa. Ndiyo maana wahunzi kila mahali wanazikimbilia, siyo kwa sababu zinaokotwa gereji tu. Ila kazi ina hatua mbili, na wengi barabarani wanafanya moja.

Hatua ya kwanza unakipasha mpaka kiwe chekundu sawasawa, kiache kushika sumaku (hiyo ni karibu nyuzi 770), unaongeza kidogo, kisha unakichovya kwenye mafuta ya uvuguvugu. Hapo kinatoka kigumu kama chupa, na kama chupa, kinameguka. Hatua ya pili ni kukipasha tena kwa moto mdogo, nyuzi 200 na kitu, kwa saa moja au mbili ili kilegee kidogo. Mhunzi mwenye foleni ya majembe na wateja wamesimama hana saa mbili. Anakichovya, anakipangusa, anakuuzia.

Sasa nijibu maswali mawili. Moja: chukua tupa mpya, ipitishe kwenye makali bila kukandamiza. Inateleza kama kwenye kioo, au inauma? Mbili: tazama ndani ya pengo kwenye jua. Chembe zake ni kubwa zinazong'aa kama sukari, au ni laini za kijivu kama simenti?

Jembe Halimtupi Mkulima:
Wote mnajichosha. Nunua shoka la elfu 12 na panga la elfu 10, chenji unywe soda. Kisu kikubwa ni mambo ya sinema.

MkataMkuza:
@Mvukuto tupa inateleza, inatoa mlio wa kioo. Kwenye pengo ni kijivu laini, hakung'ai.

@Jembe nikibeba shoka, panga, kisu cha jikoni, maji, vigingi na chakula, mkuza utakatwa na nani? Ningekuwa shambani kwangu ningekusikiliza.

Mvukuto:
Safi sana. Tupa kuteleza maana yake hakikulegezwa kabisa. Kijivu laini maana yake hakikuunguzwa wakati wa kufuliwa. Ungeniambia sukari ningekwambia ukipe pole, kwani chembe zikishakua kulegeza pekee hakuzirudishi, inabidi kipashwe upya na kuachwa kipoe kwenye hewa mara mbili tatu kabla ya kuchovya tena. Chako kinahitaji tanuri tu.

Toa mafuta yote kwa sabuni, sugua bapa kwa msasa mpaka ling'ae ili uione rangi. Kiingize kwenye tanuri la nyuzi 230, saa mbili, kitoe kipoe, rudia mara moja. Kikitoka rangi ya nyasi kavu inayoelekea dhahabu, uko palepale. Kahawia si mbaya kwa kisu cha kukatia kuni. Kikifika bluu umekirudisha kuwa springi: hakivunjiki ila makali hayakai.

Mpini uvue kwanza, mpera utakauka na kupasuka humo ndani.

Bibi Migomba:
Wajukuu, habari zenu. Mimi ni mkulima wa ndizi, Rungwe. Mmezungumza chuma tu kana kwamba mikono hamna. Kisu kinachoumiza watu ni chenye mpini mbaya. Nimewaona vijana watatu hapa kwetu wakijikata, wote chuma chao kilikuwa kizuri.

Mpini ukiwa wa mviringo kama mchi, kisu kinageuka mkononi na hujui makali yanatazama wapi. Uwe wa yai, ukiushika gizani ujue. Uwe na kidole cha nyuma, yaani pale mwisho uvimbe kidogo ulio chini, ili ukitupa mkono kisikuchomoke. Na usiupake vanishi! Vanishi na jasho ni utelezi. Paka mafuta ya alizeti, uache ukauke, upake tena.

Mkinunua, fanyeni hivi: shika mpini, funga macho, tikisa kwa nguvu. Ukisikia tik-tik ndani, msuka umelegea. Rudisha hapohapo, hata kama umeshalipa.

Chalii wa Kambi:
Bibi shikamoo. Hiyo ya kufunga macho naichukua.

Bibi Migomba:
Marahaba. Lakini usitikise umefunga macho watu wakiwa karibu.

Ndovu wa Kajiado:
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mnasahau kwamba hii kitu mnatafuta iko tayari tangu zamani: sime. Hapa kwetu hata mchungaji wa miaka kumi na tano anayo kiunoni. Bapa jembamba karibu na mkono, pana kuelekea ncha, kwa hivyo uzito uko mbele na hauhitaji nguvu nyingi kukata. Makali pande zote mbili. Ala ya ngozi, nyekundu. Zamani zilifuliwa na Ilkunono, ukoo wa wahunzi wa Kimaasai, siku hizi nyingi zinatengenezwa kwa springi ama kwa tupa iliyozeeka.

Lakini nitasema ukweli wangu kama mtu ameishi nayo. Sime ni ya kukata miti ya boma, kuchinja na kujilinda. Kupasua kuni kwa kuipigilia mgongo na gongo haiwezekani, maana mgongo hakuna, ni makali. Na ile ya soko la watalii achana nayo, ni bati. Igonge na kucha: ya kweli inalia *tiiing*, ya watalii inasema *tep*.

Fundi Grainda:
Naongezea kwa anayetaka kujua kama kauziwa springi au nondo kabla hajalipa. Omba mhunzi aguse kipande kilichobaki kwenye grainda. Nondo inatoa cheche ndefu, nyoofu, zinazopasuka chache. Springi cheche zake ni fupi na zinapasuka matawi mengi kama nyota. Nondo hata uichovye vipi haikazi kama springi. Ukinunua kisu cha nondo umenunua kijiko kirefu.

Pia angalieni springi yenyewe. Iliyotoka kwenye gari lililobeba mchanga miaka kumi na tano inaweza kuwa na ufa usioonekana. Mimi huisugua kwa msasa, napaka mafuta ya taa, napangusa, halafu napaka chaki. Penye ufa mafuta yanatokeza mstari juu ya chaki.

Jembe Halimtupi Mkulima:
Babu yangu alikuwa mhunzi, alichovya kwenye maji ya chumvi, wakati mwingine mkojo wa ng'ombe. Hakujua nyuzi wala tanuri la mikate. Visu vyake viko hadi leo.

Mvukuto:
Sibishani na babu. Maji ya chumvi yanapoza kasi kuliko maji matupu, na chuma alichokuwa nacho huenda kilihitaji kasi hiyo. Springi haiitaki. Ukiichovya kwenye maji mara nyingi inapasuka, na ufa unauona baada ya wiki. Halafu visu vya babu vilivyopo hadi leo ni vile visivyovunjika. Vilivyovunjika nani alivitunza?

Jembe Halimtupi Mkulima:
Hapo umenikamata.

Mpare wa Leicester:
Kwa mlio nje kama mimi: msisome uzi huu mkaagiza kichwa kichwa. Uingereza kubeba hadharani kisu kisichokunjwa bila sababu ya maana ni kosa, na tangu Septemba 2024 yale mapanga na visu vya mtindo wa "zombie" (vyenye ncha kali na meno au matundu kwenye bapa) ni marufuku hata kukaa navyo nyumbani. Nikienda kambini changu kiko chini kabisa ya begi, ndani ya ala, kimefungwa kwa taulo.

Na huko nyumbani, kuingia hifadhi ya taifa na silaha bila kibali ni kesi. Askari wa geti hatakuuliza kama ulikuwa unakatia nyama.

Nikirudi kwenye mada, ninacho kidogo cha Mora kutoka Uswidi, bapa kama sentimita 10. Ni cha bei nafuu, na kwa kuchonga na jikoni sijaona mpinzani. Siku hizi naona kisu kidogo cha namna hiyo pamoja na panga fupi kama lile la pili la mleta uzi vinamaliza kazi nyingi kuliko kisu kimoja kikubwa.

MkataMkuza:
Mrejesho, wakuu.

Nilivua mpini. Kuufungua ule mkunjo wa nyuma kulinichukua asubuhi nzima, nikaharibu mpini, sawa. Jikoni kwangu kuna mkaa tu, tanuri sina. Lakini jirani yetu ni mama muuza mikate mwenye tanuri la umeme. Nikamweleza. Akanitazama kama mgonjwa. Akasema, "Baba fulani, humu naoka mikate ya watoto wa shule, wewe unaniletea upanga?" Nikamwonyesha nilivyokiosha kwa sabuni mara tatu. Akakubali kwa sharti kiingie mikate ikishatoka, na nilipe luku.

Tanuri lake mikate anaiokea 220. Tukaongeza hadi 230, saa mbili, kikapoa, saa mbili tena. Kilipotoka kilikuwa rangi ya nyasi kavu karibu bapa zima, ncha imeelekea kahawia kidogo kwa sababu ni nyembamba. Wateja wa jioni walikuwa wanauliza bei.

Mapengo nikayasaga kwa jiwe la maji, taratibu, bila grainda, nikihofia moto usije ukaharibu kazi ya tanuri. Nilipoteza karibu milimita moja na nusu ya upana. Safari hii sikufanya makali bapa kama ya kisu cha jikoni, niliyaacha na tumbo kidogo. Kujua jiwe linagusa wapi nilipaka makali kwa kalamu ya maka, nikasugua mara mbili, nikatazama wino umefutika wapi. Ukifutika juu tu, hujafika kwenye makali. Ukifutika kwenye ukingo wa makali tu, umesimamisha kisu mno.

Kisha majaribio, kwa mpangilio huu.

Tupa: sasa inauma, lakini kwa kinyongo.

Shaba: nilipata kipande cha shaba ya njano kwa fundi bomba. Nikakandamiza makali juu yake kwa pembe na kuyasogeza huku natazama dhidi ya mwanga. Makali yanapinda kidogo kama ukucha, ukiyaachia yanarudi. Yangebaki yamepinda, ni laini mno. Yangemeguka, bado ni chupa.

Kupinda: nikachomeka ncha kwenye ufa wa gogo, nikavuta mpini mpaka bapa likanyanyuka vidole vitatu hivi. Likarudi nyoofu. Hili nililifanya nimevaa miwani ya fundi wa kuchomelea na uso nimeugeuza, na nashauri msilifanye bila hivyo.

Mwarobaini mkavu: mapigo mia moja, nilihesabu, nikipumzika katikati. Baadaye nikajaribu nyanya iliyoiva. Ikakatika bila kupondeka, ila ilibidi nianze kwa kuvuta, si kukandamiza.

Mpingo, tawi lilelile: mapigo ishirini. Pengo hakuna. Sehemu moja makali yamelala upande, urefu wa nusu kucha. Nikayanyoosha kwa kuyapitisha kwenye kitako cha kikombe cha udongo.

Mpini mpya nimechonga wa yai kama alivyosema Bibi, mpera tena, nikauacha mrefu kidogo.

Bibi Migomba:
Na kidole cha nyuma?

MkataMkuza:
Kipo, Bibi. Na mafuta ya alizeti mara tatu.

Fundi Grainda:
Kutu je? Springi haina huruma.

MkataMkuza:
Ilianza siku ya pili, nilikata limau nikasahau kupangusa. Asubuhi bapa lina madoa ya kahawia. Sasa kila jioni napangusa na kupaka mafuta ya kula, kwa sababu kinagusa chakula. Mafuta ya injini siyataki. Bapa limeshaanza kuwa la kijivu na michirizi ya vitunguu, nimelizoea.

Chalii wa Kambi:
Jumla umetumia shilingi ngapi? Nataka kulinganisha na kopo lenye dira.

MkataMkuza:
Kisu 25,000. Luku ya mama mikate 5,000, na mikate miwili niliyonunua kwa aibu. Jiwe 8,000. Mpera nilikata nyumbani. Ala bado: sasa hivi nimepasua kipande cha mpira wa maji nikavalisha makali na kufunga kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Kiunoni inafaa, ila mwenzangu anasema natembea kama fundi bomba.

Ndovu wa Kajiado:
Ala tafuta ngozi ya ng'ombe, si ya mbuzi, ile ya mbuzi makali yatatoboa. Iloweke, ivalishe juu ya kisu kikiwa kimefungwa nailoni, ishonwe, ikauke hapo hapo. Lakini usikiache kukaa ndani usiku mvua ikinyesha.

Mvukuto:
Kiongozi, ombi moja. Ukipita tena kwa yule mhunzi, usiende kumgombeza. Mwonyeshe hicho kisu na lile pengo kama uliipiga picha, mwambie habari ya tanuri. Mkono wake ni mzuri, bapa lililopungua vile kutoka 5 hadi 3 bila kupinda si la mtu wa kubahatisha.

MkataMkuza:
Nilipita jana. Alikishika, akakigonga kwa kucha, akasikiliza. Akauliza, "Nani amekigusa?" Nikamwambia mama muuza mikate. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza anakaa mtaa gani.